Bunduki ya hewa: anza na pampu, kisha bunduki

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe methali hiyo ni ya kweli, maana jembe lolote lenye mpini imara huichimba ardhi. Kwa bunduki ya kujifunzia shabaha, methali hiyo hiyo yaweza kumtia mtu hasarani, na sisi tuandikao haya tu mashahidi wa hasara hiyo.

Tulikuwa watu wanane, baadhi yetu tungali kazini na wengine tumekwisha kuvua sare. Tulichanga fedha kidogo kidogo kwa muda wa miezi saba ili tununue bunduki moja ya hewa, tuwafundishe vijana wetu kulenga kabla hawajakabidhiwa silaha kubwa. Kibali tuliomba, tukapewa. Bunduki tuliyonunua ilikuwa ya kupendeza macho: kitako chake cha mbao ngumu iliyong'arishwa, mtutu wake mweusi, na chini ya mtutu chupa nene ya hewa ambayo muuzaji aliisifu kwa ukubwa wake. Siku ya kwanza ilitupendeza hata tukapigana vikumbo kwa kugombea zamu. Siku ya tatu sindano ya geji ilishuka, na risasi zikaanza kupiga chini ya shabaha, kisha chini ya ubao, kisha mchangani. Ndipo tulipoulizana swali ambalo tungaliulizana kabla ya kutoa hata senti moja: je, hewa ya kuijaza bunduki hii twaipata wapi?

Hatukuwa na jibu. Bunduki ilitundikwa ukutani nusu mwaka mzima kama picha. Na katika kulitafuta jibu hilo nusura tumpoteze mwenzetu mmoja, habari ambayo tutaieleza mahali pake. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuyaandika tuliyojifunza, ili askari mwingine, awe wa jeshi au wa polisi, asiyanunue kwa bei tuliyoyanunulia sisi.

HEWA SI NGENI VITANI

Wako wanaoidharau bunduki ya hewa na kuiita mchezo wa watoto. Hao hawaijui historia yake. Katika karne ya 18, fundi mmoja wa Tirol aliyeitwa Bartholomäus Girardoni alibuni bunduki ya hewa ambayo jeshi la Austria liliipokea karibu na mwaka 1780, na ambayo ilikuwamo katika hesabu ya silaha za jeshi hilo hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Wakati ule askari wa kawaida alisimama wima, akamimina baruti katika mdomo wa bunduki yake, akashindilia risasi kwa ufito, akafyatua mara moja, kisha akaanza upya. Bunduki ya Girardoni ilibeba risasi zipatazo 20 katika mrija kando ya mtutu, haikutoa moshi wa kumfichua mpigaji, na aliyekuwa nayo aliweza kulala chini na kuendelea kupiga. Kitako chake kilikuwa ndicho chupa ya hewa. Kikiisha, askari alikifungua na kufunga kingine cha akiba.

Mwaka 1803 Meriwether Lewis, ofisa wa jeshi la Marekani, alipoanza safari ya kuvuka bara lile hadi bahari ya magharibi, alichukua bunduki ya hewa, na mara nyingi aliifyatua mbele ya wenyeji ili wastaajabu. Safari ile ilikwisha mwaka 1806.

Kwa nini basi silaha hiyo ya ajabu iliachwa? Mojawapo ya sababu kubwa ni ile ile iliyotushinda sisi wanane: kuijaza. Chupa moja ilihitaji pampu ya mkono isukumwe mara zipatazo 1,500 ili ijae. Viungo vyake vya ngozi vilitaka kutunzwa kila siku visivujishe, na askari alihitaji mafunzo maalumu. Jeshi lenye mafundi na magari ya pampu liliweza kuvumilia hayo kwa muda. Msituni, penye mvua na haraka, ilikuwa taabu. Miaka zaidi ya 200 imepita, mafundi wamegundua vyuma vipya na mipira mipya ya kuzuia hewa, lakini swali la kwanza halikubadilika.

FAIDA YAKE KWA ASKARI

Bunduki ya hewa haiwezi kushika mahali pa silaha ya kazi. Risasi ya bunduki ya kivita ya aina ya 7.62 × 39 hutoka mtutuni ikiwa na nguvu ya jouli zipatazo 2,000. Bunduki ya hewa ya mashindano hutoa jouli kati ya 7 na 8 tu. Pamoja na udogo huo, mambo matatu yanayomshinda kuruta katika uwanja wa shabaha, yaani kutuliza pumzi, kulinganisha vilengeo, na kuvuta kifyatulio bila kuutikisa mtutu, yote hujifunzwa kwa bunduki ya hewa kama yanavyojifunzwa kwa ile kubwa. Tena hujifunzwa bila mshindo unaomfanya kijana afumbe macho kabla ya kufyatua, na bila gharama ya risasi za serikali.

Uwanja wake ni mdogo. Mashindano ya dunia hupigwa kwa umbali wa mita 10, na nafasi hiyo hupatikana katika ua wa kambi yoyote. Mchezo huo uliingizwa katika Olimpiki mwaka 1984 mjini Los Angeles. Asiseme mtu kwamba mita 10 ni karibu mno: alama ya 10 katika karatasi ya shabaha ni nukta yenye upana wa nusu milimita, sawa na ncha ya penseli. Mwaka 2008 mjini Beijing, Abhinav Bindra wa India aliipatia nchi yake medali ya dhahabu ya kwanza ya mtu mmoja mmoja katika historia ya Olimpiki, na aliipata kwa bunduki ya hewa ya mita 10. Taifa lenye watu zaidi ya bilioni moja lilisimama kumshangilia kwa ajili ya nukta ile.

AINA ZAKE

Bunduki za hewa ni za namna nyingi, lakini mnunuzi azigawe katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la springi. Mpigaji huuvunja mtutu kwa kuukunja chini, au huvuta mkono wa chuma ulio ubavuni, na springi yenye nguvu hujikunja. Akifyatua, springi husukuma pistoni, pistoni hushindilia hewa papo hapo, na hewa huirusha risasi. Bunduki hii haihitaji pampu wala mtungi. Mkono wa mpigaji ndio pampu yake. Kasoro yake ni kwamba pistoni huirusha bunduki nyuma kisha mbele kabla risasi haijatoka mtutuni, hivyo yeyote aikamataye kwa nguvu kama anayeshika mwizi hatapiga penye shabaha hata siku moja. Hushikwa kwa wepesi, iachiliwe iruke kama ipendavyo. Kutikisika huko huweza kuivunja darubini isiyotengenezwa kwa ajili yake. Isiachwe imekokiwa kwa muda mrefu, wala isifyatuliwe bila risasi ndani, maana pistoni hugonga chuma bila hewa ya kuizuia.

Fungu la pili hutumia vichupa vya gesi ya kaboni, ile ile itiwayo katika soda. Kichupa cha kawaida kina gramu 12. Ni rahisi kutumia, lakini gesi hiyo hubadilika mno kwa joto na baridi. Kwenye nyuzi 20 za Selsiasi kanieneo lake ni karibu baa 57. Kwenye nyuzi 30 hupanda hadi karibu baa 72. Maana yake ni kwamba bunduki iliyolengwa asubuhi yenye ukungu hupiga juu adhuhuri, na vichupa vilivyoachwa ndani ya gari juani ni hatari. Zaidi ya hayo, vichupa hununuliwa daima. Ukikaa mbali na mji mkuu utajikuta umenunua kinywa kisichoshiba.

Fungu la tatu lina pampu ndani yake lenyewe: mpigaji huusukuma mkono ulio chini ya mtutu mara moja, au mara 3 hadi 10, kisha hupiga risasi moja. Ni za kuaminika, lakini humchosha mwanafunzi kabla ya somo kwisha.

Fungu la nne, ambalo ndilo lililotutega, ni la hewa iliyoshindiliwa kabla. Bunduki hubeba chupa ya hewa yenye kanieneo, au presha kama wasemavyo mafundi, la baa 200, na nyingine hufika 250 au 300. Kila kifyatulio kikivutwa vali hufunguka kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho na kutoa hewa kidogo. Hairuki, haitikisiki, na hupiga risasi nyingi kwa mjazo mmoja. Kwa usahihi hapana iliyo mbele yake, na wapigaji wa Olimpiki wa leo hutumia aina hii. Lakini bila njia ya kuijaza ni rungu ghali.

HESABU YA HEWA

Hapa twamwomba msomaji achukue kalamu, maana hesabu hii ndiyo kiini cha maneno yetu yote, na mtoto wa darasa la sita huiweza.

Baa moja ni karibu sawa na kanieneo la hewa ituzungukayo. Tairi la gari dogo lina baa 2 hivi zaidi ya hewa ya nje. La lori, 7 au 8. Baa 200 ni jambo jingine kabisa: kila sehemu ya chuma iliyo sawa na ukucha wa kidole gumba husukumwa kwa uzito wa kilo zipatazo 200, yaani magunia mawili ya kilo mia mia. Kwa hiyo mashine ya mjaza matairi haifai kitu hapa. Tulikwenda kwake, akacheka, nasi tukacheka pamoja naye kwa aibu.

Chukua bunduki yenye chupa ya ujazo wa lita 0.2. Unaijaza hadi baa 200 na kuipiga mpaka ishuke baa 100, ambapo risasi huanza kuanguka. Hewa iliyotumika ni lita 0.2 mara tofauti ya baa 100, yaani lita 20 za hewa ya kawaida. Hizo lita 20 ndizo utakazozirudisha. Ikiwa pampu yako ya mkono huvuta lita 0.2 kwa kila msukumo, utasukuma mara 100. Kwa mtu mwenye afya, akipumzika katikati, hiyo ni kazi ya dakika 10 hivi. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa chukua bunduki kama ile yetu, yenye chupa ya nusu lita, ijazwayo hadi baa 250. Ukiishusha hadi 100, umetumia lita 0.5 mara 150, yaani lita 75. Kwa pampu ile ile ni misukumo 375, na ile ya mwisho ni mizito kiasi cha kumning'iniza mtu mwembamba juu ya mpini. Ukubwa wa chupa ambao muuzaji aliusifu ndio uliokuwa adui yetu. Angalituuliza tutaijazaje, tungalinunua ndogo yake kwa fedha pungufu.

NJIA TATU ZA KUJAZA

Njia ya kwanza ni pampu ya mkono. Hufanana na ya baiskeli kwa umbo, lakini ndani yake mna mirija mitatu inayoshindilia hewa hatua kwa hatua. Haihitaji umeme wala ruhusa ya mtu, na hubebwa begani hadi kijijini. Adui zake ni joto na unyevu. Kushindilia hewa huipasha moto, na mvuke uliomo hewani hugeuka maji ndani ya mrija. Katika nchi zetu za maziwa na mvua, maji hayo huweza kuingia katika bunduki na kuanzisha kutu mahali usipopaona. Basi usipige pampu mvua ikinyesha wala ukungu ukiwa umetanda. Sukuma polepole, mpini ufike juu kabisa na chini kabisa, utue kidogo kila mwisho. Baada ya misukumo 50 au 60 fungua vali ya kutolea hewa ili maji yatoke, uiache pampu ipoe, ndipo uendelee. Anayepiga pampu kwa pupa huunguza mipira yake, na mipira ya akiba haipatikani kila duka.

Njia ya pili ni mtungi mkubwa, kama ule wa wapiga mbizi au ule wanaoubeba mgongoni askari wa zimamoto waingiapo penye moshi. Hapa wengi hukosea kwa kudhani mtungi mkubwa ndio bora. Tazama tena hesabu. Mtungi wa chuma wa lita 12 uliojazwa baa 232 unaweza kuijaza bunduki hadi baa 200 mpaka wenyewe ushuke hadi 200. Yaani hewa ya kutumika ni 12 mara 32, lita 384. Kwa bunduki yetu ya mfano inayotaka lita 20, ni mijazo 19. Mtungi wa nyuzi za kaboni wa lita 6.8 uliojazwa baa 300 una 6.8 mara 100, lita 680, yaani mijazo 34 kwa hesabu ya ubaoni. Kwa hakika hupungua hadi karibu 30 au pungufu kidogo, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa mno haitii hesabu kikamilifu. Mtungi mdogo na mwepesi, wenye kanieneo kubwa, umeushinda mkubwa. Baada ya hapo mtungi wowote huendelea kutoa mijazo pungufu, ambayo bado yafaa kwa mazoezi.

Lakini mtungi nao hujazwa na nani? Popote penye mitungi ya pumzi pana mashine ya kuijaza. Hapa Uganda kikosi cha zimamoto ni sehemu ya polisi, na polisi wana kikosi cha majini pia, hivyo wasomaji wetu wengi watafikiri mara moja juu ya mwenzao aliye huko. Twawaonya: hewa ile ni ya kumwokoa mtu ndani ya nyumba inayowaka. Mtungi uliopunguzwa kwa siri jioni ndio utakaomwishia mwenzako usiku. Kama chama chenu cha shabaha kinatambuliwa, andikeni barua kwa mkuu wa kikosi, naye ataamua. Bila barua, ni wizi wa pumzi ya mtu.

Mtungi uwe na chapa ya tarehe begani, inayoonyesha lini ulipimwa kwa maji. Katika nchi nyingi kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miaka 5, na mitungi mingi ya nyuzi za kaboni huwekewa umri wa miaka 15. Mtungi uliopita umri, hata ukiuzwa bei ya nazi, mwachie muuzaji wake. Hata katika mashindano ya dunia mpigaji huwajibika kuhakikisha kuwa chupa ya bunduki yake haijapitwa na tarehe iliyowekwa na kiwanda.

Njia ya tatu ni kompresa ndogo ya baa 300, itumiayo umeme wa nyumba au betri ya gari. Ni rahisi kwa mkono na nzito kwa mfuko. Nazo huchoka: nyingi hazitakiwi kufanya kazi mfululizo, bali dakika chache na kupumzishwa, na maji yake humwagwa mara kwa mara. Kwa kambi yenye umeme wa kuaminika na bunduki tatu au nne, kompresa hujilipia. Kwa mtu mmoja kijijini, pampu ya mkono ni bwana wake.

NUSURA YA KIFO

Sasa tueleze lile tuliloahidi. Mwezi wa nne tangu bunduki itundikwe, mmoja wetu, sajini mstaafu tunayemheshimu kama baba, alikuja na furaha kubwa. Amepata hewa, alisema, tena bure. Jirani yake mchomeleaji vyuma alikuwa na mtungi mrefu wa oksijeni, na geji yake ilisoma zaidi ya baa 150. "Hewa ni hewa," akasema mzee wetu, "na hii imesafishwa kuliko tuivutayo puani." Alikuwa amekwisha kununua mpira wa kuunganishia, na uzi wa skrubu aliupaka grisi ya gari ili uingie kwa urahisi.

Tulikuwa tumesimama uani, na mkono wake u juu ya vali, alipoingia fundi wa silaha wa kambi jirani aliyekuja kututembelea. Aliona mtungi, akaona grisi, akapaza sauti ya amri ambayo hatukuisikia tangu tulipokuwa makuruta. "Mzee, ondoa mkono! Wote rudini nyuma!" Mkono uliondoka. Kisha alitueleza kwa upole, na hadi leo maneno yake hutupitia usiku. Oksijeni tupu yenye kanieneo kubwa, ikikutana na mafuta au grisi, huweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Inapoingia kwa ghafula katika nafasi nyembamba hujishindilia, hupata moto, na grisi hushika. Chuma hupasuka, na aliyeikumbatia bunduki hupasuka pamoja nacho.

Tangu siku hiyo tumeweka sheria hizi, nasi twamwomba kila askari aziweke.

Bunduki ya hewa hujazwa hewa safi na kavu tu. Isijazwe oksijeni, wala gesi ya kupikia, wala gesi yoyote ya mtungi usiojua ulichomo. Bunduki iliyotengenezwa kwa hewa isitiwe gesi ya kaboni ila kiwanda kimeruhusu.

Mipira na viungo vipakwe grisi ya silikoni iliyoelezwa katika kitabu cha bunduki. Mafuta ya gari na mafuta ya kusafishia bunduki za baruti yasikaribie sehemu za hewa, maana hata hewa ya kawaida ikishindiliwa pamoja na mafuta hayo huweza kulipuka.

Wakati wa kujaza, bunduki iwe haina risasi na mdomo wake uelekee mahali salama. Chupa ikiwa tupu kabisa, bunduki nyingi hutakiwa zikokiwe kwanza ili vali ifunge, kitabu kitakueleza. Futa vumbi katika tundu la kujazia. Fungua vali ya mtungi polepole mno, macho yakiwa juu ya geji, na usimame kwenye alama iliyowekwa na kiwanda. Kuizidisha hakuongezi nguvu. Mara nyingi huipunguza, kwa kuwa nyundo ya ndani hushindwa kuifungua vali iliyobanwa mno.

Ukimaliza, funga mtungi, kisha fungua vali ya kutolea hewa, usikie imetoka yote, ndipo utenganishe mpira. Na kamwe usifungue skrubu yoyote ya chupa ingali na hewa ndani.

KIPENYO, NGUVU NA SHERIA

Kuhusu kipenyo, maneno yetu ni machache. Kwa shabaha ya karatasi chagua milimita 4.5, ambacho ndicho kipenyo cha mashindano; risasi zake zenye kichwa bapa hukata tundu safi linalohesabika vizuri. Kwa panya wa ghalani milimita 5.5 hupiga kwa uzito zaidi, ingawa risasi yake huinama mapema njiani. Vipenyo vingine ni vizuri, lakini uliza kwanza kama risasi zake zipo dukani. Wanyamapori na ndege wanalindwa na sheria, na itakuwa aibu kuu kwa askari kumpiga korongo mwenye taji, ambaye huisalimu bendera yake kila asubuhi.

Nguvu nyingi sizo ubora. Ujerumani bunduki zinazouzwa kwa masharti mepesi huwekewa kikomo cha jouli 7.5 na kupigwa chapa ya herufi F ndani ya pembetano. Uingereza kikomo cha bunduki ya hewa isiyohitaji leseni ya silaha ni jouli 16.3 hivi, na Scotland tangu tarehe 31 Desemba 2016 cheti huhitajika hata kwa zile zilizo chini ya hapo. Sheria za nchi zetu hazifanani na hizo, wala hazifanani zenyewe kwa zenyewe. Basi kabla ya kulipa, nenda katika ofisi ya leseni ukiwa na jina la bunduki, kipenyo chake na nguvu zake, upate jibu kwa maandishi. Sare si leseni. Na anayevuka mpaka na bunduki ya hewa katika sanduku asidhani ofisa wa forodha ataiita mchezo.

Na si mchezo. Risasi ya jouli 7 hutoboa jicho bila taabu, na yenye nguvu zaidi imewahi kuua. Nyuma ya shabaha weka sanduku la mchanga, si ukuta wala jiwe, maana risasi hurudi. Kila aliye uwanjani avae miwani. Risasi ni madini yenye sumu, kwa hiyo vijana wanawe mikono kabla ya kula. Silaha ihifadhiwe chini ya kufuli, na risasi zake chini ya kufuli jingine.

MWISHO WA HABARI YETU

Bunduki ile nzuri hatukuiuza. Tulikaa kikao, tukakubali kosa, tukachanga tena. Kwanza tulinunua bunduki ya springi ya milimita 4.5, ya bei nafuu, nayo ndiyo iliyokuwa mwalimu wa vijana wetu tangu juma lile lile, bila kuomba hewa kwa mtu. Kisha tulinunua pampu ya mkono. Ile chupa kubwa twaijaza kwa zamu: kila mmoja misukumo 50, anampisha mwenzake wakati pampu inapoa. Watu wanane ni misukumo 400, nayo yatosha. Wa kwanza kushika mpini ni sajini wetu mstaafu, naye hataki kupokewa kabla ya 50 zake kutimia.

Kwa muhtasari, ndugu askari, kabla hujaitazama bunduki jiulize maswali haya kwa mpango huu. Je, nina kibali? Ni ya kazi gani? Nitaijaza kwa njia gani, mahali ninapokaa, si mjini kwa muuzaji? Chupa yake ni lita ngapi, na hesabu yake ni misukumo mingapi? Risasi na mipira yake hupatikana wapi? Ukiisha kujibu hayo yote, ndipo uitazame rangi ya kitako.